Aliyerudi na Bidoni ya Maji

Kuna watu hapa Likasi walioniomba ninyamaze kuhusu jambo hili, na mume wangu ni wa kwanza wao. Anasema mtaani watafikiri tumerogwa. Wafikiri wanavyotaka. Mimi nilikuwa ndani ya gari lile nikiwa macho, bila homa, bila tone la pombe mdomoni, na jua lilikuwa bado halijazama. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho haya haya ninayotumia kuchagua mawe kwenye mchele.

Kwanza nikueleze habari za gari, maana bila gari hakuna kisa.

Mume wangu ni fundi wa vyuma katika karakana moja huko Shituru. Mtaani wote wanamwita Papa Dorcas, kwa jina la binti yetu, na mimi ni Mama Dorcas. Hata yeye mwenyewe nyumbani haniiti vingine tangu mtoto alipozaliwa. Alinunua gari la mbio la Kijapani, jekundu, la milango miwili, lililokuwa limekufa injini. Yeye na rafiki yake Jean-Marie, makanika, walilifufua uani kwetu kwa muda mrefu kuliko nilivyobeba mimba ya Dorcas. Walibadilisha pistoni, wakafunga turbo kubwa kuliko ya kwanza, wakafungua tena, wakafunga tena. Siku moja nilikuta vyuma vyao vimeloweshwa katika sufuria yangu ya kusongea bukari, ugali wetu. Unafikiri nililipenda gari lile? Nilimwambia asubuhi na jioni kwamba silipendi, naye asubuhi na jioni akanijibu kwamba sijui kitu kizuri.

Na jambo moja lazima ulielewe. Usukani wa gari lile uko kuume, kama yalivyo magari mengi yanayotufikia kutoka Japani, lakini sisi Kongo tunatembelea upande wa kuume wa barabara. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Kwa hiyo mimi niliyeketi kushoto ndiye niliyekuwa macho yake. "Mama Dorcas, iko wazi?" anauliza. "Ngoja... ngoja... haya, pita!" Hakuwahi kulipita lori hata moja bila kuniuliza. Ndivyo tulivyozoea.

Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda Mulungwishi kwa mama yangu kumchukua Dorcas, maana likizo ilikuwa inakwisha. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, majani yote yamechomwa, moshi umetanda hata jua linaonekana jekundu mchana. Injini ilikuwa imeundwa upya na ilitakiwa kuendeshwa polepole, na kwa kweli Papa Dorcas aliiendesha kama mtu anayebeba mayai. Tulipofika mahali fulani tukakuta lori la shaba limelala katikati ya barabara, na nyuma yake msururu wa malori ambao mwisho wake hatukuuona. Madereva walikuwa wameshawasha moto wa kupika. Ukiona dereva wa lori anapika barabarani, ujue hapo hapafunguki leo.

Pembeni palikuwa na njia ya vumbi inayoingia porini, upande ule wa Shinkolobwe. Papa Dorcas akaitazama.

"Tusipite huku," nilimwambia. "Ii motokari iko chini sana."

"Ni kadogo tu. Tutatokea kule mbele ya malori. Weye unaogopa kila kintu."

Tulibishana. Mwishowe mwenye usukani ndiye anayeshinda, si ndiyo? Tukaingia.

Tulikwenda kitambo, tumbo la gari likikwaruza mawe, na kila likikwaruza Papa Dorcas anafumba jicho kama ni yeye anayechubuliwa. Kisha nikasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua. Naye akanusa. Kwenye dashibodi kijishale cha joto kilikuwa kinapanda. "Hapana, hapana, hapana," akawa anakiambia, kama mtu anayembembeleza mtoto asilie. Injini ikaanza kugonga: ko, ko, ko. Halafu kishindo kimoja kikubwa, kilichopita chini ya nyayo zangu hadi kwenye meno. Moshi mweupe ukafunika kioo. Gari likateleza kidogo kwa nguvu zake za mwisho, likasimama.

Alifungua boneti. Bomba la mpira linalopeleka maji lilikuwa limepasuka. "Ni mupira tu," alirudia. "Ni mupira tu, moteur iko muzima." Alisema hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema. Chini ya gari mafuta meusi yalikuwa yanaenea mchangani, na hakutaka kabisa kuyatazama. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akafunga pale palipopasuka. Kisha akachukua bidoni ya njano, lile dumu letu la maji.

"Kule chini kuko kamutoni. Nilete mayi. Weye bakia, funga milango."

"Tuende wote."

"Na motokari? Bataiba ma-pièces yote!"

Akashuka upande wa kulia, akikanyaga majani yaliyoungua, majivu yakiruka kwa kila hatua, hadi mteremko ukammeza.

Nikafunga milango. Simu haikuwa na mtandao. Chuma cha injini kikawa kinalia ti, ti, kinapopoa, halafu nacho kikanyamaza. Je, umewahi kukaa mahali ambapo hata ndege hawalii? Visiki vyeusi vilikuwa vimesimama pande zote, na katika moshi ule kila kisiki ukikitazama sana kinakuwa mtu. Nikajilazimisha kutazama mbele tu. Nikawaza habari za Dorcas, kwamba huenda ameshavaa viatu anatungoja. Nikawaza kwa nini Papa Dorcas hajarudi, wakati hata nusu ya mteremko huenda alikuwa bado hajaimaliza. Hofu haijui saa.

Ndipo nilipomwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa anakuja kutoka nyuma ya gari, katikati ya njia, na bidoni mkononi.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilifungua mlango kabla hajafika. Lakini hata nikiwa nafurahi, kuna kitu kidogo kilinikwama rohoni: alishuka kulia, sasa anatoka nyuma? Na amerudi haraka namna hii?

Akapita bila kusema neno, akafungua boneti. Nilingoja kusikia maji yakimiminika. Sikusikia. Akaifunga boneti taratibu, mara moja, nayo ikashika. Boneti ile kitasa chake kimepinda. Kila siku lazima aibamize mara mbili na kuitukana. Akaingia, akazungusha ufunguo, na injini ikawaka pale pale.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

Akanigeukia akatabasamu. "Iko bien. Tuende. Mutoto anatungojea." Na mwishoni akaniita jina langu. Jina langu la ubatizo, ambalo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu nilipojifungua.

Tukaondoka. Nisadiki, gari halikuwa na sauti. Lile gari ambalo jirani zetu walizoea kulilalamikia lilikuwa linakwenda kama kivuli. Turbo haikupiga mluzi. Nikatazama kijishale cha joto: kimelala chini kabisa, kama gari ambalo halijawashwa asubuhi. Nikamtazama mume wangu suruali. Ilikuwa suruali yake ile ile ya kaki, nami nimemwona kwa macho yangu akipita kwenye majivu. Ilikuwa safi. Viatu safi. Kucha, ambazo tangu anunue gari lile hazijawahi kukosa grisi, zilikuwa safi kama za mtoto mchanga.

Nilijiambia: amenawa mtoni. Mtu ananawa mikono, sawa. Lakini mtu anafua suruali na kuikausha mtoni?

Mbele yetu palikuwa na lori la makala, yaani makaa, limejaa magunia hadi juu, linakwenda pole, vumbi lake limeziba njia nzima. Nikajisogeza kushoto ili nimtazamie, kama kawaida. Nikangoja aniulize. Hakuuliza. Alikanyaga mafuta akaingia ndani ya lile vumbi, na mimi niliyekuwa upande wa hatari sikuona hata ncha ya boneti. Nilipiga kelele. Tukatokea upande wa pili salama, naye alikuwa bado anatabasamu, tabasamu lile lile, halijapanda wala halijashuka.

Hapo nikajua. Siwezi kukueleza vingine. Nilijua kwamba nimekaa ubavuni mwa kitu ambacho si mume wangu, na kwamba kinanipeleka kwa mtoto wangu. Nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo, sala niliyosali tangu utotoni, nikakwama baada ya maneno ya kwanza. Yaliyobaki yalikuwa yamefutika. Nikashika kitasa cha mlango, lakini mbio zile zingeniua.

Mbele, kwenye kona, watu wawili walitokea kutoka upande wa mto, wakapanda njiani.

Wa kwanza alibeba bidoni ya njano begani, amechafuka majivu hadi magotini. Nilimjua kabla ya kuona uso wake, maana Papa Dorcas huutupa mguu wa kushoto nje kidogo, tangu alipoangukiwa na chuma kazini. Nyuma yake, karibu kabisa, alikuwa anafuata mwanamke aliyevaa kikwembe, yaani kitenge, cha kijani chenye ndege weupe.

Nikatazama mapaja yangu. Kikwembe cha kijani. Ndege weupe.

"Usiangalie bale," alisema yule aliyeshika usukani, kwa upole kabisa. Na akaongeza mwendo, akiwalenga.

Breki ya mkono iko katikati ya viti. Niliikamata kwa mikono miwili nikaivuta kwa nguvu zote Mungu alizonipa. Gari likageuka nyuma mbele, likazunguka tena, kichwa changu kikagonga kioo, na chini ya boneti ukasikika mlio kama mtu ameangusha sanduku la nyundo. Halafu vumbi tupu.

Vumbi lilipotua, kiti cha kuume kilikuwa tupu. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikaweka mkono pale alipokuwa ameketi. Pale mahali palikuwa baridi kama kigae cha sakafu mwezi wa saba. Nilitoka garini kwa kutambaa.

Papa Dorcas alikuwa amesimama kando ya njia, bidoni imemwangukia miguuni, maji yanachuruzika. Yule mwanamke hakuwapo. Nikamkimbilia mume wangu, na unajua alifanya nini? Alirudi nyuma. Akaokota jiwe.

"Simama pale! Weye ni nani?"

"Ni minye!"

"Minye nani? Muke wangu iko hapa nyuma yangu." Akageuka kumwonyesha, akakuta njia tupu. Uso wake sitausahau. Akanigeukia tena, jiwe limeinuliwa. "Weye ni nani?"

Sasa fikiri. Mimi nami nilikuwa na shaka. Nimetoka kudanganywa na sura hiyo hiyo. Tulisimama hapo, mume na mke, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na jua linashuka. Ningesema nini ili aamini? Sikuwa na hekima yoyote. Kilichonitoka kilikuwa hasira.

"Mujinga weye!" nilimfokea. "Nilikuambiaka tusipite huku! Nilikuambiaka ii motokari itatuua! Tangu siku uliiingiza katika parcelle yangu nilikuambiaka, na weye unalowesha ma-vyuma yako katika sufuria yangu ya bukari! Sasa unataka kunipiga jiwe?"

Jiwe likamdondoka. Akaketi chini pale pale kwenye maji yaliyomwagika akaanza kulia.

"Ni weye," alisema. "Ni weye kabisa."

Nilipomgusa nilisikia joto na jasho na harufu ya grisi. Ndipo aliponieleza. Alikuwa ameinama mtoni anajaza bidoni nilipomjia, kwa kikwembe hiki hiki. Akanigombeza kwa nini nimeliacha gari. Nami, yaani yule, sikumjibu vibaya. Nilimwambia asiharakishe. Nilimwambia najua njia ya mkato. Tukafuata mto, na kila akisema sasa tupande, yule anasema mbele kidogo, mbele kidogo.

"Alisema motokari yetu ni nzuri kupita zote za Likasi," mume wangu alisema, akijifuta kamasi. "Alisema nimefanya kazi ya muzuri. Minye nikaanza kuogopa. Nikapanda kwa nguvu."

Lile lori la makala likatufikia. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufu, alisimama akashuka kututazama.

"Mama, unaendeshaka mbio vile!" alinilaumu. "Katika vumbi! Ungetuua siye wote."

"Si minye nilikuwa naendesha," nilimjibu. "Usukani uko kule kuume."

Akachungulia ndani ya gari, akauona usukani. Akaivua ile kofia. Kisha akasema taratibu kwamba walipopitwa, yeye na vijana wake juu ya magunia, waliona mtu mmoja tu garini, mwanamke upande wa kushoto, anapiga kelele. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Hakutuuliza zaidi. Alitupandisha mbele, na Papa Dorcas hakuuachia mkono wangu hata lori liliporukaruka. Gari tuliliacha pale pale. Hakugeuka kulitazama.

Ungefikiri yaishie hapo. Nami nilifikiri hivyo.

Tulifika Mulungwishi giza limeingia. Mama yangu alifungua mlango, akatutazama mmoja mmoja kwa uso wa kuchoka.

"Munarudi tena?" akasema. "Si nilibaambia mutoto hataki?"

Nikamuuliza alituona lini. Akasema jua lilipokuwa linazama. Tulisimama kwenye ua, mimi na mume wangu, tumevaa hivi hivi ila safi, tukakataa kuingia, tukakataa hata maji. Tulisema tuletewe mtoto. Mama akamleta Dorcas hadi mlangoni, na Dorcas, ambaye mchana kutwa alikuwa anauliza tutafika lini, akaukumbatia mguu wa bibi yake akalia hadi akatapika. Mama akaona aibu, akatuambia tungoje atulie. Alipogeuka tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Dorcas alikuwa chini ya kitanda. Nililala sakafuni nikamwita kwa muda mrefu. Papa Dorcas naye akaja, akajigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda, akatukana. Ndipo mtoto alipotoka. Nikamuuliza aliogopa nini.

"Balikuwa banacheka tu," alisema. "Weye na papa hamucheke vile."

Kesho yake Jean-Marie alikwenda na mume wangu kulivuta gari. Walirudi nalo. Walipofungua injini uani kwetu, Jean-Marie aliniita nione. Fimbo ya chuma inayosukuma pistoni ilikuwa imekatika, ikatoboa ukuta wa injini. Tundu lile ngumi yangu iliingia. Lakini si hilo lililomsumbua. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika pale tulipozimika mara ya kwanza, karibu na mto. Kutoka hapo hadi pale kwenye kona hapakuwa na hata tone.

"Ilikufa pale mwanzo," alisema. "Ile kishindo mulisikia, ni pale. Donc, kutoka pale mulivuta na kamba?"

"Hapana," nilisema. "Iliwaka. Ilitembea yenyewe."

Jean-Marie akafuta mikono, akaenda kwake. Mpaka leo hajarudi kuigusa, na yeye ni rafiki wa mume wangu tangu shule. Injini ilitolewa na vijana wa karakana, ikapelekwa kwa wanaonunua vyuma chakavu. Gari limebaki uani juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kwa nini hatulitupi? Hakuna anayekubali kulibeba.

Nasi? Tunaishi. Lakini si kama zamani. Papa Dorcas akitoka kazini hupiga kelele kutoka getini, analalamika habari ya jua, ya bosi, ya viatu, na mimi namjibu vibaya kutoka jikoni, ndipo anaingia. Jirani wanadhani ndoa yetu imeharibika. Na siku nikimwomba jambo akakubali mara moja, kwa upole, namtazama kucha.

Ungekuwa mwisho wa habari, nisingeisumbua nafsi yangu kuisimulia. Lakini mwezi uliopita mama mmoja wa parokia yetu alinisimamisha baada ya misa, amekasirika kidogo. Alisema alinipungia mkono barabarani, njia ya Mulungwishi, nami sikumsalimu. Nilikuwa na mume wangu, alisema, tumeketi katika lile gari letu jekundu, limesimama kando, boneti imefunguliwa kama limeharibika. Tulikuwa tunacheka. Tulimwita apande.

Alikataa kwa kuwa alikuwa na mzigo mkubwa, na gari letu ni dogo. Mzigo ndio uliomwokoa, naye hajui. Sikuwa na nguvu ya kumwambia.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Gari likikuharibikia njia ile, msitengane. Aende mwenye kwenda na wenzake wote, na gari liibwe kama ni kuibwa. Na ukipita huko ukamwona mwanamke wa kikwembe cha kijani na mwanamume wa suruali safi, ndani ya gari jekundu, wanakuita kwa upole, usisimame. Hata kama ni mimi unaniona. Gari letu halina injini.